Kola ya Mjomba

Kila akitoka shule, Sindano alikaa kando ya cherehani ya mama yake akifumua nguo za wateja. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na pia kwa ulimi wake. Jioni ile alikuwa akishona vifungo, huku mama akijaribu maneno ya mkutano wa kesho. Mama ndiye mwanamke pekee aliyegombea udiwani katika kata yao.

Mlango ulipigwa teke ukang'oka. Wanaume watatu waliojifunga vitambaa usoni wakaingia. Mmoja alipindua cherehani. Mwingine alimkamata mama nywele, akambamiza ukutani.

"Mwanamke mahali pake jikoni," alisema. "Kesho ukipanda jukwaani, utashuka kwa machela."

Wa tatu hakusema kitu. Alimpiga mama rungu mkononi, mfupa ukalia kama kuni kavu. Sindano akamrukia na kung'ang'ania shingo yake. Alitupwa chini, mdomo ukapasuka, lakini tayari alikuwa ameiona kola. Ilikuwa kola iliyochakaa, ikafumuliwa, ikageuzwa upande mzima uje juu, ikashonwa kwa uzi wa kijani. Sindano mwenyewe ndiye aliyeishona, siku uzi mweupe ulipomwishia. Lilikuwa shati la mjomba wake.

Hospitalini mjomba alilia kuliko wote, akiwa amevaa shati jingine. Mama alipokuwa akifungwa plasta, mjomba alimvuta Sindano pembeni.

"Mpwa wangu, damu nzito kuliko maji. Sindano nzuri haimchomi mwenyewe."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Mdomo ulimuuma, na moyo pia, kwa maana mjomba huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Msimamizi wa uchaguzi alifika akiwa na askari. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Mama Sindano alimwambia kwamba anajitoa. Kura si kitu cha kufia. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza kuwa tume imeweka kanuni: mgombea akituma watu wampige mwanamke anayeshindana naye, jina lake linafutwa. Wagombea wanawake wangepewa ulinzi kwenye mikutano, na vituo vya kura vingewekwa mahali ambapo wanawake wanafika bila hofu.

"Kanuni ninayo," alisema. "Shahidi sina."

Sindano aliutazama mkono wa mama yake.

"Ni mjomba," alisema. "Ile kola niliishona mimi."

Mjomba aliinua mkono ampige. Askari aliudaka hewani, akaupinda mgongoni. Nyumbani kwake shati lilipatikana chini ya godoro, likiwa na damu ya mama. Mjomba alimtaja mgombea aliyemtuma, na tume ikalifuta jina lake.

Mama alihutubia mkutano wake akiwa amening'iniza mkono shingoni, askari wakiwa pande zote. Jiwe moja lilirushwa. Aliyelirusha alikamatwa, naye mama akaendelea na sentensi yake. Siku ya kura, foleni ya wanawake ilizunguka uzio wa shule. Mama alishinda.

Usiku Sindano alilia, akisema amemfunga mjomba wake.

Mama alimkumbatia kwa mkono mmoja. "Kola ukiigeuza, mwanangu, uchakavu unajificha tu, haujaondoka. Ungemficha mjomba wako leo, kesho angevunja mkono wa mwingine. Hukumfunga wewe. Lile rungu ndilo lililomfunga."