Boda ya Madamu Gorret

Kila Ijumaa Gorret alimkumbatia Masereka kiunoni juu ya pikipiki, kutoka Kasese hadi kona ya mwisho kabla ya shule moja ya Bwera. Hapo alishuka, akapangusa vumbi la viatu, akanyoosha gauni lake la buluu, akaenda kwa miguu kama mtu asiye na mpenzi. Kazi yake ilikuwa kuwatetea wasichana wasiozwe mapema, wasome. Aliogopa wakimwona na mwanamume watasema anahubiri asichokitenda.

"Leo hata busu hakuna, mpenzi?" Masereka aliuliza Ijumaa moja.

"Nyamaza wewe! Busu utalikuta Kasese."

Ghafla Sylivia, mwanafunzi wa darasa la saba, akachomoza migombani na dumu la maji kichwani.

"Madamu! Huyu mutu ni nani?"

"Ni... ni boda tu."

Masereka alikuwa mnunuzi wa kahawa. Ndiye aliyemwinua Gorret siku ya soko, alipoteleza juu ya kahawa iliyoanikwa, na tangu hapo hawakuachana. Sasa alimtazama Gorret kidogo, kisha akawasha pikipiki.

"Asante kwa kupanda, madamu."

Jioni Gorret alipiga simu.

"Boda Masereka hapa. Tunaenda wapi, madamu?"

"Mpenzi, tafadhali..."

"Niko na abiria." Simu ikakatwa.



Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa taksi. Baba yake Sylivia alikuwa ameitwa shuleni. Tayari alishampata mwanamume wa kumwoza Sylivia.

"Simama, mwanangu," Gorret alisema, kama alivyowafundisha siku zote. "Sema kwa sauti."

Sylivia alisimama, akamgeukia baba yake. "Baba, mimi sitaki bwana. Nataka kusoma."

Mzee alikuna kichwa, akatazama chini. "Haya. Soma kwanza."

Wasichana walipiga vigelegele. Gorret hakuweza kuinua macho. Mtoto kamkabili baba yake. Yeye, mtu mzima, alimkana mpenzi wake mbele ya mtoto. Akatoka nje, akapiga simu.

"Masereka, usikate. Njoo unichukue. Usisimame konani, ingia mpaka uwanjani."

Alikuja uso umekunjwa. "Boda imefika, madamu."

Wasichana wote waligeuka. Gorret akamsogelea Sylivia.

"Sylivia, nilikudanganya," alinong'ona. "Huyu si boda..."

"Hatusikii, madamu!" Sylivia akacheka. "Sema kwa sauti!"

"Huyu ni Masereka! Nampenda, na niliona haya kusema!"