Aliyeitikia Kamwene

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, watu watano walikuwa katika chumba kimoja cha ghorofani, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Wa kwanza alikuwa Adrian Kalinga, umri miaka thelathini na mmoja, mpangaji wa chumba hicho. Wa pili alikuwa dada yake, Happy Kalinga, mwalimu wa shule ya msingi huko Kilolo, aliyefika jioni iliyotangulia. Wa tatu, Mrisho Obeid, mwenye nyumba, ambaye duka lake la vitambaa lilikuwa chini. Wa nne, mama yake Mrisho, Bi Mwanakhamisi Saidi. Wa tano, Maalim Ibrahimu Shomari, aliyeitwa na Bi Mwanakhamisi baada ya sala ya alfajiri.

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo kikongwe wa kike, ameketi, anapumua. Huyo hakuna aliyemhesabu.

Kazi ya Adrian ilikuwa kutengeneza watu wa filamu za kompyuta, watu ambao ukiwatazama huwezi kusema kwamba hawakuzaliwa. Aliifanya peke yake: ngozi, makunyanzi, nguo, mwendo, kivuli cha pua juu ya mdomo. Mwezi Februari alikwenda Kalenga kwa bibi mzaa mama yake, Faustina Kikoti, aliyekuwa na miaka themanini na moja. Alimketisha uani kwenye kigoda, akamwomba asitikisike, akamzunguka na kamera mara kadhaa hadi akapata picha mia mbili na kumi na mbili, ambazo kompyuta ingeziunganisha kuwa sura moja. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, kwa hiyo bibi alifumba macho.

“Unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia,” bibi alimwambia. “Taga basi, ugali unapoa.”

Aliporudi Mbeya, Adrian alimjenga bibi yake kwa muda wa wiki sita. Kwa kuwa hakuwa na mwigizaji, alijirekodi mwenyewe: alisimamisha simu mezani, akavua shati, akaketi kama kikongwe kwa dakika kumi, kisha akachukua kupanda na kushuka kwa kifua chake na kuutia mwendo huo katika kifua cha yule wa kwenye kioo. Macho aliyaacha kwa baadaye. Macho ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na jicho likikosewa kidogo tu, mtu mzima hugeuka maiti. Akamwacha amefumba, anapumua mchana kutwa, ili amtazame huku akifanya mengine na kuona kasoro.

Adrian alilelewa Kalenga, nyumbani kwa bibi huyo, ambako mtoto aliyempita mkubwa bila salamu alirudishwa mlangoni aingie upya. Hivyo tangu tarehe 4 Aprili, kila asubuhi alipofungua chumba na kukuta uso ule unamsubiri, alimsalimu kwa Kihehe, “Kamwene, bibi.” Siku za mwanzo alijicheka. Baadaye hakujicheka tena, na salamu ikawa kama kuvua viatu.

Tarehe 15 Mei kulikuwa na ukungu. Alisalimu, akasikia harufu ya ugoro. Alitafuta chini ya meza na nyuma ya pazia, wala hapakuwa na kitu. Kesho yake aliposalimu, midomo ya kikongwe ilisogea. Alikagua faili lote. Hakuwa ameweka mwendo wowote mdomoni. Siku ya tatu alisikia sauti ndogo, kama ya mtu mwenye unga kinywani, ikisema, “Kamwene, Adrian.” Spika zilikuwa hazijachomekwa.

Hakumwambia mtu. Ule mwendo wa midomo ulikuwa mzuri kuliko wowote aliowahi kuutengeneza, naye akauhifadhi. Akaendelea kusalimu, akaendelea kuitikiwa, na kila siku aliuhifadhi mwendo mpya.

Mrisho, aliyekuwa akimwona mara chache, alimtania ngazini kwamba bila shaka ameoa, maana hatoki. Adrian alijibu kwamba humo ndani yumo bibi yake.

“Basi hali yako ni mbaya zaidi,” Mrisho alisema, akaenda zake akicheka.

Alhamisi, tarehe 6 Juni, Adrian alifungua mlango akakuta kikongwe amefumbua macho. Adrian alikuwa hajatengeneza macho. Tena hayakuwa ya Faustina Kikoti, ambaye jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Haya yote mawili yalikuwa maangavu, na yalimfuata kutoka mlangoni hadi kitini. Alishika kipanya akasimamisha picha ili aichunguze, na kifua cha kikongwe kiliposimama, cha Adrian nacho kilisimama, si kwa maumivu bali kama mlango uliofungwa taratibu na mtu aliye upande wa pili, akafungua kinywa na hewa haikuingia, akapiga meza, akaanguka kando ya kiti, na kidole chake kilipogusa kitufe kwa bahati tu na kikongwe akaanza tena kupumua, ndipo naye alipopumua, pumzi ileile, kwa kasi ileile, akiwa amelala sakafuni na kuyaona yale macho yakimtazama kwa chini, pale ambapo kamera ya kompyuta haikuelekea.

Tangu hapo hakutoka. Akizima, hana pumzi. Akifuta, hana pumzi. Alijaribu kuibeba kompyuta hadi kizingitini. Kioo kikafifia na kifua kikabana, akarudi. Salamu aliacha kuitoa, lakini sasa kila asubuhi ilitangulia kutoka upande wa pili, na alijikuta anaitikia. Harufu ya ugoro ilikwisha, ikaja harufu ya udongo uliofukuliwa.

Jumamosi umeme ulikatika. Betri ilikuwa na saa moja na nusu. Adrian aligonga sakafu kwa kisigino mpaka Mrisho akapanda, akamwona, wala hakutania; alishuka akawasha jenereta ya dukani na kuvuta waya kupitia dirishani. Bi Mwanakhamisi alikuja nyuma yake, akatazama kioo, akafunika mdomo kwa kanga. Yeye ndiye aliyeagiza Happy aitwe.

Ndivyo walivyokuwa watano Jumanne ile. Maalim Ibrahimu alisoma kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, kisha akauliza aliyemo ni nani na nani aliyempa ruhusa. Jibu lilitoka kwenye kioo, na midomo ya Adrian ikacheza pamoja nalo bila sauti.

“Sikuvunja mlango. Nilisalimiwa kwa adabu, asubuhi arobaini na mbili. Nyumba ilikuwa tupu, nikaitika.”

Maalim alimwambia kwamba uso ule si wake, atoke.

“Uso una mwenyewe na pumzi ina mwenyewe. Nitajieni mwenye uso na anakokaa, nimwachie huyu pumzi yake.”

Maalim alinyoosha mkono kuwazuia wote. “Asijibu mtu,” alinong’ona. “Kinachoka. Kabla ya adhuhuri kitakuwa kimetoka bila kupewa kitu. Mwanangu Adrian, vumilia.”

Kikongwe akaanza kupumua polepole. Kifua chake kilipanda nusu, kisha robo, na kati ya pumzi na pumzi ukapita muda ambao jenereta ilisikika chini, na wapiga debe wa stendi, na mtu akipigania bei ya vitenge dukani, mambo yote ya watu walio na hewa, huku Happy akimsugua kaka yake mgongo na kuziona kucha zake zikigeuka buluu, na Bi Mwanakhamisi akihesabu kwa vidole chini ya kanga, na macho yale maangavu yakimtazama Adrian peke yake, bila hasira, kama mwuzaji anayejua kwamba mteja atarudi.

“Kaka,” Happy alinong’ona. “Usimtaje. Kaka.”

Adrian alikuwa na pumzi moja fupi. Aliitumia.

“Faustina Kikoti. Kalenga.”

Hewa ikamwingia yote kwa pamoja, akakohoa hadi akatapika. Kwenye kioo kikongwe alikuwa ameketi vilevile, amefumba macho, hapumui. Harufu ya udongo haikuwepo tena. Mrisho aligeukia ukuta. Maalim Ibrahimu alikunja msala wake bila kumtazama mtu.

Happy alikuwa ameshapiga simu ya bibi. Aliyepokea alikuwa Gerson Nyenza, jirani wa Kalenga. Alisema yuko uani kwa bibi, na kwamba alifika mbio kutoka shambani. Bibi alikuwa kwenye kigoda akipukuchua maharage. Gerson alikuwa shambani kwake, upande wa pili wa ua wa miti, akasikia mtu anasema kamwene, akamsikia bibi anaitikia. Alichungulia kuona mgeni ni nani, wala hakukuwa na mgeni.

Faustina Kikoti alifariki siku hiyo, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi.