Jaketi Lenye Jina la Pilipili

Boti ya baba ikikodiwa, ni kama nyumba nzima imekodiwa. Mama huacha cherehani yake na kuanza kugawa kazi. Mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye fundi wa injini na mkata chambo, huacha grisi mpaka kwenye vitasa vya milango. Barafu inaagizwa, mafuta yanajazwa, mishipi inakunjuliwa uani na kukaguliwa fundo kwa fundo. Hakuna anayekula kwa utulivu mpaka boti iende na kurudi.

Safari hii Pilipili hakulalamika kwa lolote. Alikuwa binti wa nyumba hiyo, wa miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alipewa na Mjomba kwa sababu ya hasira zake za karibu. Baba alimwahidi kwamba akifaulu mitihani atampeleka bahari kuu, kule ambako ukigeuka nyuma huoni tena mapaa ya mji. Mitihani alifaulu. Kofia ya jua alishaiweka juu ya kitanda tangu asubuhi.

Jioni mteja alikuja kupanga safari ya kesho. Alikuwa daktari wa meno, mtu wa sauti ya upole na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga magamba ya samaki. Baba alimtandazia ramani ya bahari mezani. Walikubaliana waondoke alfajiri, kabla upepo haujaichafua bahari. Wangeanza karibu na mwamba, kisha wasogee kwenye kina kirefu kutafuta jodari. Anayetapika ovyo akae katikati ya boti.

“Jambo moja, nahodha,” daktari alisema akiwa ameshasimama. “Pamoja na rafiki zangu, nitakuja na mwanangu. Ana miaka sita, na amenililia wiki nzima.”

Baba alikuna kidevu. Boti ilikuwa na nafasi nane, na nane zote zilikuwa na wenyewe.

“Haina shida, daktari. Mlete.”

Pilipili alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. “Na mimi, baba?”

“Wewe ni wa nyumbani. Utakwenda siku nyingine.”

“Lakini uliniahidi!”

“Usinivunjie heshima mbele ya mgeni,” baba alisema bila hata kumtazama. “Nenda uani ukazamishe majaketi.”

Siku nyingine! Ndivyo tu, kama mtu anayeahirisha kunyoa ndevu. Hata pole hakumpa. Pilipili alitua sinia kwa kishindo, vikombe vikaruka, akatoka.

Kuzamisha majaketi ya kuokolea ilikuwa sheria ya nyumba hiyo. Kabla ya kila safari, kila jaketi lilifungwa mfuko wa mchanga na kutumbukizwa kwenye pipa la maji nyuma ya jiko. Liliachwa humo mpaka birika la chai lichemke. Likiendelea kuelea na mzigo wake, limefaulu. Likizama, linatupwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na tangu mwaka jana ilikuwa ya Pilipili.

Aliyatoa majaketi stoo moja moja, akiyabwaga chini kama yamemtukana. La mwisho lilikuwa dogo, la rangi ya machungwa, lililokaa miezi chini ya nyavu kuukuu. Mgongoni liliandikwa PILIPILI kwa rangi nyekundu. Baba mwenyewe aliliandika, miaka ile lilipokuwa likimtosha. Kesho angelivaa mtoto wa daktari.

Hapo ndipo hasira ilipompanda mpaka machozi yakamtoka.

“Avae!” alifoka. “Achukue nafasi yangu, achukue na jaketi langu, na baba pia amchukue moja kwa moja!”

Aliyaanika majaketi yote kwenye kamba ya nguo, akayamwagia maji ndoo kwa ndoo mpaka yakawa yanachuruzika. Pipa hakuligusa. Mfuko wa mchanga aliupiga teke.

Mama alichungulia dirishani. “Umeyazamisha yote?”

“Si unayaona yalivyolowa?”

“Sijakuuliza kama yamelowa.”

“Nimeyazamisha, mama.”

Alfajiri, Pilipili na mama walisaidia kubeba makasha ya barafu na mikate mpaka gatini. Pilipili alikuwa bado amenuna, midomo imemtoka mbele. Wageni walifika, lakini mmoja wa rafiki za daktari hakuonekana.

“Tumbo limemkamata usiku,” daktari alieleza. Kisha akamgeukia baba akicheka. “Nahodha, binti yako jana alinitazama kama nimemwibia kuku. Mpe yeye nafasi hiyo, na mimi nilale kwa amani.”

Baba alitabasamu. “Haya, Pilipili, panda.”

Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Mjomba alimrushia jaketi, akalivaa, akakaa upande wa nyuma huku moyo ukimdunda kwa furaha. Injini ikawashwa. Mtoto wa daktari akaja kuketi karibu naye, na Mjomba akamfunga kamba za lile jaketi dogo.

“Dada, hapa mgongoni pameandikwa nini?”

“Pilipili.”

“Ndiye nani?”

“Ni mimi.”

Mtoto aliinama ubavuni mwa boti kuangalia samaki wadogo. “Kwa hiyo nikianguka, litanishika?”

Pilipili alilitazama jina lake mgongoni mwa mtoto. Mjomba alikuwa ameshaanza kufungua kamba iliyoshika boti gatini. Akisema kweli, nafasi yake imekwenda, na mara hii hakuna atakayemhurumia. Akajiambia kwamba majaketi yale hufaulu kila safari, kwa nini leo yasifaulu? Mtoto akazidi kuinama, na miguu yake ikaacha kugusa sakafu.

Pilipili alimdaka kiunoni. “Baba, zima injini! Zima!”

Injini ikazimwa. Watu wote wakamtazama.

“Sikuyazamisha,” alisema. “Niliyamwagia maji tu.”

Baba alimvua mtoto lile jaketi, akalifunga jiwe zito kwa kamba, akalishusha majini mbele ya wote. Kwanza lilielea. Daktari akashusha pumzi. Kisha likalala upande, likaanza kunywa maji. Herufi nyekundu zikaingia chini moja baada ya nyingine, na mwisho hata rangi ya machungwa haikuonekana.

Mjomba alilivuta likiwa zito kama gunia la mkaa, akalichana kwa kisu. Panya walikuwa wametoboa mifuko ya plastiki ya ndani, na sufi yote ilikuwa imeloa tepetepe.

“Hiki ndicho mlichomvika mwanangu?” Daktari hakuwa tena na sauti ya upole. “Ninyi ni watu au ni nini?”

“Una haki ya kunifokea,” baba alisema. “Boti ni yangu na kosa ni langu. Haiondoki mpaka kila jaketi lizamishwe hapa, ukitazama.”

Mengine yote yalifaulu. Baba akaenda mwenyewe kuazima jaketi la mtoto kwa nahodha wa boti ya jirani, mtu ambaye walikuwa hawasalimiani naye tangu wagombanie mahali pa kutia nanga. Aliliomba kwa unyenyekevu, gati nzima ikisikia. Wakati huo upepo ulikuwa umeshaamka. Ilibidi mpango ubadilishwe: wangeishia kwenye mwamba, na jodari wasahaulike.

“Shuka,” baba alimwambia Pilipili.

Alikuwa ameshavua jaketi.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea kwa hasira, kanga ikimpiga miguuni. Walipofika uani ndipo alipogeuka.

“Ulikuwa na haki ya kukasirika. Baba yako alivunja ahadi bila hata kukuomba radhi, na jana nilimwambia hivyo usoni. Ungenuna, ungebamiza milango, ningekuvumilia. Lakini yule mtoto alikukosea nini?”

“Hakunikosea kitu, mama.”

“Basi mbona hasira yako ilimwangukia yeye?”

Pilipili alilia, na mama hakumbembeleza.

Baba alirudi jioni amechoka, na samaki wachache wa mwambani. Alikaa kwenye kigoda karibu na pipa, akamwita.

“Nilikuahidi, kisha nikakutupa kama hukuwepo. Nisamehe, mwanangu. Lakini sikiliza. Mtu akivaa jaketi, hajui wewe ulikuwa na hasira au furaha. Anajua tu kwamba umesema limekaguliwa. Neno lako ndilo anapanda nalo baharini. Ukikasirika, njoo unigombeze mimi. Kazi ifanye. Na kama hukuifanya, sema mapema, kama ulivyosema leo. Hapo ulinusuru roho ya mtu.”

Alichukua lile jaketi lililochanwa, akalitundika kwenye msumari juu ya pipa, jina likitazama nje.

Tangu siku hiyo, kabla ya safari yoyote, Pilipili hufunga mfuko wa mchanga, hutumbukiza jaketi la kwanza, kisha hubandika birika jikoni. Mama akichungulia dirishani kuuliza, hujibu bila kuinua kichwa:

“Bado, mama. Chai haijachemka.”