Shahada ya Mdomoni

Soko la jumla la mashariki mwa jiji la Lanzhou, China, halina adabu. Mkokoteni utakukanyaga kwanza, "simile" utaisikia baadaye. Katika vurumai hiyo Tuo Ruilan alilidaka jora la hariri ya kijani, kuvuta akaona haliji. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa mwanamume.

"Achia," alisema Ruilan.

"Achia wewe, dada. Mimi nimeliona tangu juzi."

"Kuona si kununua. Hata mwezi unauona."

Mwanamume akacheka. Alivaa koti la sufu la bluu, na kila kifungo kilikuwa na rangi yake.

"Fundi wako alikuwa na kengeza?" aliuliza Ruilan.

"Hili ndilo bango langu la biashara. Nauza vifungo. Xie Enguang, mtu wa Wenzhou." Akaliachia jora. "Chukua. Ila nipe namba ya simu, nije nione litakavyokaa kichwani."

"Kichwani kwa nani?"

"Kwa mwenye ulimi mkali kama wako."

Ruilan alikuwa na duka la shela nyuma ya msikiti. Siku hiyo alijifunga ushungi wa zambarau uliobanwa kwa pini ya shaba, na wanawake wa mtaa walikuwa wakimwonea wivu kwa jinsi alivyojua kuufunga. Namba alitoa. Alijiambia ni kwa ajili ya vifungo.

Simu zikaanza.

"Umekula, Lan wangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Tambi za nyama ya ng'ombe. Usiulize, ni ng'ombe kweli! Nikila nguruwe si utaninusa hadi kwenye simu?"

"Ningekunusa, ningekukatia, ningeosha simu mara saba."

Walipendana hivyo mpaka majira ya baridi, kwa utani na kwa matembezi ya kando ya Mto Manjano. Habari ya dini waliizunguka kama watu wanaopita kando ya shimo. Ruilan hakukosa swala. Enguang alitoka kwa Wakristo wa Wenzhou ambao, popote wanapofungua duka, kanisa hufuata nyuma. Kila mmoja aliamini kimoyomoyo kwamba mwenzake atalainika.

Krismasi ilipofika Enguang akamwalika. "Njoo usikilize kwaya tu, mpenzi. Mama anatamani kukuona."

Ruilan alikwenda na shela mpya ya rangi ya damu ya mzee. Kanisa lilikuwa ghorofani, limejaa pomoni. Kwaya ilipomaliza, Mama Enguang, mjane mfupi mwenye sauti ya kamanda, akashika kipaza sauti.

"Wapendwa! Leo kuna binti wa Kiislamu aliyemwona Bwana. Mungu aliyezaliwa horini amezaliwa moyoni mwake! Tumwombee, Pasaka abatizwe!"

Makofi yakalipuka. Mikono ya watu asiowajua ikamwangukia kichwani, ushungi ukateleza hadi mabegani, nywele zikawa nje mbele ya wanaume. Ruilan akaisukuma ile mikono, akashuka ngazi mbio.

Enguang alimkuta nje, kwenye theluji, akijifunga ushungi upya.

"Ulijua!"

"Sikujua, Lan. Naapa."

"Unaapa kwa nani? Kwa yule aliyenyonya?"

Uso wa Enguang ukabadilika. "Usimtukane."

"Nimetukana nini? Si ndivyo mlivyokuwa mnaimba? Aliyeumba mbingu amelala horini, analia, anabadilishwa nepi! Hamwoni haya?"

"Haya ya nini? Si wewe unayesema Mungu anaweza yote? Kumbe anaweza yote isipokuwa kuja kwetu!"

"Hasinzii, hasemi uongo, wala hafi. Hayo ni udhaifu, na yeye hana udhaifu. Ukimwambia mfalme kwamba anaweza kuwa mdudu, umemsifu?"

"Mfalme aliyeingia topeni kumtoa mwanawe, huyo nitamsifu. Anayechungulia dirishani, hapana."

"Mungu wangu hachungulii! Yu karibu nami kuliko mshipa wa shingo yangu. Hahitaji kuvaa nyama ndipo anijue."

"Hakuhitaji. Alitaka. Anayependa..."

"Usiniingizie mapenzi hapa! Kafiri mkubwa wewe!"

"Na wewe unasujudia kitu kisicho na moyo!"

Maneno hayo yalipotoka, wote wawili waliyasikia yakianguka. Hakuna aliyeinama kuyaokota. Ruilan akaondoka, na kabla hajafika nyumbani alikwishaizuia namba ya Enguang simuni.

Lakini mtu alikuwa amerekodi video. Ikasambaa mtaani. Wateja wakapita dukani wakitazama pembeni. Baba yake, Mzee Tuo, muuza nyama ya kondoo, aliulizwa mlangoni mwa msikiti, "Eti binti yako kabatizwa?" Akarudi buchani akalipiga shoka gogo la kukatia nyama hadi likapasuka.

Majuma yakapita. Asubuhi moja Mama Enguang akaingia dukani.

"Toka," alisema Ruilan.

"Nitatoka. Kwanza sikia. Mwanangu hakujua kitu. Nilimficha. Nilidhani nikikuweka mbele za watu utaona haya kukataa."

"Umekuja kuomba radhi?"

"Siombi. Nilitaka roho yako iokoke, na bado nataka. Ila mwanangu hali, halali. Asichukiwe kwa kosa langu."

Ruilan alimchukia mwanamke yule zaidi kuliko mwanzo, akamwamini kila neno. Alipobaki peke yake akapiga simu.

"Haloo?" Sauti ya Enguang ilikuwa imekauka.

"Umekula?"

"Sikumbuki, Lan."

"Mjinga wewe," alisema Ruilan, na machozi yakimtoka. "Njoo kwa baba."

Mzee Tuo alimpokea kwa uso wa jiwe. Nyama ikaandaliwa, chai ya tende ikamiminwa. Mzee hakuzungusha maneno.

"Kijana, wewe si wa kwanza. Wengi huja kuoa kwetu, wanasema shahada mbele ya imamu, wanapewa jina, mambo yanakwisha. Moyoni mwako mimi simo. Sema kwa mdomo tu, watu wanyamaze."

"Mzee, kwamba Mungu ni mmoja nitasema sasa hivi. Lakini mtanitaka nimkane Yesu kuwa ni Mungu. Yeye ndiye aliyenifia."

"Mungu hafi!" Mzee akapiga meza, vikombe vikaruka. "Nimekwambia mdomo tu!"

"Mdomo huu ndio uliomwambia binti yako nampenda. Nikidanganya nao hapa, kule atauamini vipi?"

Mzee akamgeukia Ruilan. "Mwambie wewe! Wewe atakusikia."

Ni kweli. Ruilan aliyatazama macho ya Enguang akajua kwamba akisema neno moja tu, "tafadhali," mtu huyu atavunjika, atasema lolote. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Asiseme, baba."

"Umepagawa?"

"Akisema, nitaolewa na mwongo. Asiposema, siolewi naye. Mimi siamini kwa kuwaogopa majirani, baba. Naamini." Akamgeukia Enguang, sauti ikampasuka. "Unakosea. Unasikia? Mpaka siku ya kufa kwangu nitasema unakosea."

"Na wewe unakosea, Lan."

Wakatazamana. Hasira ilikuwepo bado, haikupungua hata chembe, na mapenzi nayo yalikuwepo. Mzee Tuo akainamisha kichwa, akamjazia mgeni kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Enguang akanywa yote, akashukuru, akavaa koti lake.

Majira ya kuchipua Enguang alifunga duka lake la vifungo, akarudi Wenzhou. Ruilan hakwenda stesheni. Alasiri treni ilipokuwa ikiondoka, alikuwa juu ya mswala wake. Alipotoa salamu akainua mikono.

"Ewe Muweza wa yote, nisahaulishe mtu huyu."

Akashusha mikono. Hofu ikampanda toka miguuni: hili Mungu analiweza, tena bila taabu yoyote. Akainua mikono upesi mara ya pili.

"La, Mola wangu," alisema. "Usinijibu."