Nusu Saa kutoka Mbeya hadi Iringa

Kila alipotoka shule, Frida alivua sare na kukaa uani na mama yake kupukuchua mahindi. Waliishi Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Frida alikuwa darasa la sita, bingwa wa hesabu, na hakukubali mtu yeyote asahau hilo.

Alhamisi moja mama alisema, "Mjomba wako Saulo anataka kuja Jumapili kwa ndege kutoka Mbeya. Anauliza itachukua muda gani. Misa ni saa nne asubuhi."

Jumapili hiyo Silvester, kaka yake Frida, angepewa kipaimara, na Mjomba Saulo ndiye msimamizi wake. Mjomba asipofika, Silvester angesimama mbele ya askofu bila mtu wake.

Frida alichukua atlasi na rula. Kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi uwanja wa Nduli, Iringa, alipata sentimita sita, yaani kilomita mia tatu. Akakadiria kwamba ndege huenda kilomita mia sita kwa saa.

"Nusu saa tu, Mama! Akiondoka saa mbili, saa mbili na nusu yuko Nduli!"

Mama akampigia mjomba huku akimsifu binti yake. Baadaye Frida alichukua simu ili ahakikishe, akatafuta muda wa safari hiyo ya ndege. Jibu likaja: saa sita na dakika ishirini.

Frida aliduwaa. Alipima tena, zikawa sentimita zilezile sita. Ndege gani hiyo inayochukua muda kama basi? Simu imekosea, au rula? Alichanganyikiwa, lakini alishasifiwa. Akazima simu, akanyamaza.

Jumamosi asubuhi Silvester alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe. "Kesho nitakunywa chai na mjomba kabla ya misa," alisema kwa furaha.

Frida alishindwa kuvumilia. "Mama, kuna namba nyingine niliyokuficha," alisema, machozi yakimlengalenga. Akaeleza yote.

Mama akapiga simu haraka. Mjomba alikuwa kwenye ofisi ya tiketi, bado hajalipia. Akamwuliza mkata tiketi, kisha akarudi kwenye simu akicheka kwa mshangao.

"Hakuna ndege ya moja kwa moja! Nakwenda kwanza Dar es Salaam, nangoja kule, halafu narudi Iringa. Ningefika saa nane na dakika ishirini mchana."

"Kumbe unatupita, unakwenda mbali, halafu unarudi?" Frida aliuliza, bado haelewi vizuri.

"Ndiyo hivyo, mpwa wangu. Ngoja niwahi basi la saa tano."

Jioni mjomba aliingia uani, koti limejaa vumbi la safari. Kesho yake, askofu alipomfikia Silvester, mkono wa Mjomba Saulo ulikuwa juu ya bega lake. Frida alipumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Baada ya misa mama alimvuta pembeni. "Hesabu yako ilikuwa sawa, mwanangu. Ulichokosea ni kunificha kile usichokielewa. Ukichanganyikiwa, sema umechanganyikiwa. Tungeulizana siku ileile, na kaka yako asingekaribia kusimama peke yake."

"Nisamehe, Mama. Niliogopa mtaniona sijui."

"Ulikuwa hujui kweli," mama alisema akitabasamu. "Na mimi nilikuwa sijui. Ndiyo maana watu huuliza."