Kipande cha Chuma Kizima

Kila Jumamosi Nakuam alifagia karakana ya baba yake Lomuria pale mtaani Kiwanjani, kisha akamsaidia kazi mpaka saa sita. Siku hiyo walikuwa wakiunda upya transfoma ya mashine ya kuchajia betri. Baba alikwisha kuzungusha waya wa shaba. Kazi ya Nakuam ilikuwa kupenyeza ndani yake vibati vyembamba vilivyopakwa vanishi, kimoja kimoja, vyote tisini.

Tisini! Nje wenzake walikuwa wakicheza kati, wakirushiana mpira na kumwita. Mikono ilikuwa kwenye vibati, masikio uwanjani. Alipofika cha ishirini, uvumilivu ulimwisha. Baba alipotoka kununua fyuzi, Nakuam aliokota kipande kinene cha chuma, akakisukuma ndani na kukifunika kwa vibati. Chuma si ni chuma tu? Akakimbilia mchezoni.

Aliporudi saa saba, Golicha, dereva wa gari la chanjo, alikuwa akizungukazunguka mlangoni.

"Mzee Lomuria, hii betri ya gari bado? Watoto wa Kinna wanangoja, na chanjo iko kwa barafu. Barafu ikiisha, dawa yote inaharibika!"

"Mashine inachemka, Golicha. Dakika kumi tu, haishikiki." Baba alijifuta jasho. "Lazima ni waya yangu. Nitaikata, nianze upya. Labda kesho."

Harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa karakana. Nakuam alikaa, akasimama, akakaa tena. Aliogopa kugombezwa. Baba akashika koleo.

"Baba, usikate! Waya ni mzuri. Mimi niliweka chuma kizima ndani."

Baba alitoa vibati vya juu, akakichomoa kwa koleo. Kilikuwa moto kama kikaango.

"Umeme huu hugeukageuka, mbele na nyuma," alisema. "Ndani ya chuma kizima hupata nafasi ya kuzunguka, kikachemka. Vanishi ya vibati huufungia njia."

Nakuam alipanga vibati vyote tisini, Golicha akimpokeza. Mashine ilipowashwa tena, aliigusa kwa kiganja. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Betri ikachajiwa, na saa kumi na moja gari liliwaka, likaondoka kwenda Kinna.

"Haraka yako imetupotezea saa kadhaa," Baba alisema. "Kunyamaza kungetupotezea waya, siku nzima, na dawa ya watoto wa watu. Ukikosea, sema kabla mtu hajashika koleo."

Akampa kile kipande cha chuma, sasa kimepoa.

"Weka kwa mkoba yako ya shule, ikukumbushe."

Nakuam alikitia mkobani. Jumatatu alikibeba njia nzima, na kilikuwa kizito.