Rangi ya Kweli ya Mama Léonie

Micheline ni mpiga picha. Anafanya kazi kando ya barabara, katika komini ya Mbunya, mjini Bunia. Ana kiti kimoja cha wateja, pazia jeupe, na turubai la buluu la kuzuia jua. Kila asubuhi anaifuta tableti yake vumbi kama mama anayemfuta mtoto pua. Kisha anangoja watu.

Watu huja. Huja wa ndoa, wa komunyo ya kwanza, na wa picha za kadi. Micheline huwapiga picha kwa simu, halafu huzitengeneza kwenye tableti. Anaipenda kazi yake. Pia anajisifu kidogo, tusifichane.

"Kwa mambo ya rangi, hakuna mutu atanifundisha," humwambia mume wake, Rémy.

Rémy hucheka tu. Anamjua mke wake.

Mwaka huu nyumba yao ilikuwa na furaha kubwa. Mama Léonie, mama mzazi wa Micheline, alimaliza masomo ya kusoma na kuandika kwenye parokia. Ana miaka sitini na moja! Alikimbia vita kutoka kijiji chao cha Bule bila hata picha moja. Zote zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikaungua. Sasa alikuwa na cheti mkononi. Jumapili, picha kubwa ya kila mwanafunzi ingetundikwa ukutani kwenye ukumbi wa parokia, watu wote waone.

Alhamisi, Micheline alimpiga mama yake picha. Mama alivaa kitenge chekundu chenye maua ya njano, akashika cheti kifuani kwa mikono miwili. Micheline aliitengeneza picha ile saa nzima. Aliona uso ni wa njano mno, akaongeza buluu. Aliona kitenge kinawaka mno, akapunguza ukali wa rangi. Aliona mwanga umezidi, akatia giza kidogo. Kisha akaituma ichapwe.

Ijumaa asubuhi picha ikarudi. Mama Léonie aliishika, akaitazama. Uso ulikuwa wa kijivu. Kitenge chekundu kilikuwa cha zambarau, kama nguo iliyofuliwa miaka kumi.

"Micheline," alisema, "huyu ni mutu amekufa."

"Mama, usiseme vile!"

"Ninasema kile naona. Hii ni picha yangu ya kwanza tangu tutoke Bule, na iko kama ile wanabeba mbele ya sanduku ya matanga. Hamutanitundika vile mbele ya watu. Kama hakuna ingine, nafasi yangu ibakie wazi."

Micheline aliona haya. Halafu haya ikageuka hasira. Aliibana picha na tableti chini ya kwapa, akaenda mbio mpaka nyumba ya kuchapa picha karibu na soko. Pale anafanya kazi Wivine, mwanamke mpole ambaye amechapa picha miaka kumi na miwili.

"Mama Wivine, mashine yenu iko na ugonjwa gani? Angalia vile mulifanya mama yangu!"

Wivine hakukasirika. Aliifungua picha ile ile kwenye simu yake. Uso ulikuwa wa kijivu. Akaifungua kwenye kompyuta ya kazi. Kijivu vilevile.

"Fungua kwa tableti yako," alisema.

Kwenye tableti, Mama Léonie alikuwa mzuri kabisa.

"Unaona? Karatasi, simu yangu na ordinateur, zote tatu zinasema kitu kimoja. Tableti yako iko peke yake."

Micheline aliitazama simu, kisha tableti, kisha simu tena.

Wivine alimpeleka kivulini, karibu na ukuta mweupe. Alifungua ukurasa mweupe kwenye tableti, akaweka karatasi safi pembeni yake.

"Karatasi iko nyeupe. Na kioo chako?"

"Iko... njano," alisema Micheline polepole.

Wivine alifungua Paramètres, yaani mipangilio ya tableti, kisha Affichage, sehemu ya kioo. Alionyesha kwa kidole maneno "Confort des yeux", raha ya macho.

"Hii imewashwa. Nani aliiweka?"

"Bwana yangu. Macho ilikuwa inaniuma."

"Alifanya muzuri. Ukisoma, inapumuzisha macho. Lakini inapaka njano juu ya kila kitu. Weye uliona mama njano, ukamutia bleu. Ile njano ilikuwa ya kioo, haikuwa ya mama. Ukifanya kazi ya rangi, uizime."

Alishuka chini kidogo kwenye orodha ile. "Na hapa rangi ya kioo iko kwa 'Vif'. Inafanya kila rangi ipige kelele. Njo maana uliipunguza. Weka 'Naturel', rangi ya kawaida."

Micheline aliweka mwenyewe.

"Sasa mwanga. Uliupandisha mpaka mwisho?"

"Barabarani jua iko kali, Mama Wivine. Sioni kitu."

"Ninajua. Lakini kioo iko na taa ndani, karatasi haina. Picha inawaka kwa kioo, unaitia giza, na kwa karatasi inakuwa giza kabisa. Zima ile mwanga inajibadilisha yenyewe. Kisha shusha polepole, mpaka ukurasa mweupe ufanane na karatasi. Na usipime rangi chini ya bâche, ile turubai yako ya bleu. Nayo inapaka rangi yake."

Micheline alishusha mwanga, akatazama karatasi, akashusha tena. Mwishowe kioo na karatasi vilikuwa vyeupe sawasawa.

"Basi nirekebishe ile picha?"

"Hapana, ile iliisha kuharibika. Uko na ya kwanza, ile haujagusa?"

Micheline alitafuta kwenye simu yake, huku akiomba kimoyomoyo. Ilikuwepo.

"Ya kwanza haifutwi hata siku moja," alisema Wivine.

Waliifungua kwenye tableti. Uso wa Mama Léonie ulikuwa wa kahawia, wenye afya. Kitenge kilikuwa chekundu. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Micheline alicheka mpaka machozi.

"Saa muzima nilifanya kazi ya kuharibu!"

Wivine alichapa kwanza picha ndogo ya kujaribu. "Peleka kwa mama, weka karibu na kitenge yenyewe. Kisha uichunge. Kila juma, fungua picha hii kwa tableti, uweke karatasi pembeni, kivulini. Kama haifanane, rudi kwa Paramètres. Simu za watu hautaziweza, kila moja iko na rangi yake. Lakini yako ikiwa sawa, kosa haitatoka kwako."

Nyumbani, Mama Léonie alileta kitenge chake mwenyewe. Nyekundu ikakaa karibu na nyekundu, njano karibu na njano.

"Huyu ni miye," alisema. "Muende muchape."

Jumapili picha kubwa ilikuwa ukutani. Kwenye ukingo mweupe wa chini, Mama Léonie alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu. Herufi zilikuwa kubwa, na zilipanda juu kidogo. Watu walisimama mbele yake, na Micheline alijivuna mara mbili: kwa mama yake, na kwa kazi ya mikono yake. Safari hii alistahili.

Aliupiga ukuta ule picha, akaituma kwa Huguette, mdogo wa mama yake, anayeuza samaki Mahagi-Port. Hawakuwa wameonana tangu vita. Jibu lilirudi upesi, kwa sauti:

"Yaya Léonie, mukubwa wangu! Ni weye kabisa! Sikusoma kitu, niliona uso tu, nikalia!"

Mama Léonie aliinama karibu na simu.

"Basi panguza machozi, usome na pale chini," alisema. "Ni jina yangu. Niliandika miye mwenyewe."